Funga kitabu kwanza: jinsi ya kumsaidia mtoto asome kweli, toka chekechea mpaka chuo

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Mtoto wa dada yangu akiwa na miaka 6 aliniletea kitabu chake cha hadithi, akakaa pembeni yangu akaanza kunisomea, na alisoma vizuri kweli, sauti inapanda inashuka, kidole kinatembea chini ya maneno, mpaka nikaanza kujisifu moyoni kwamba ukoo wetu una vichwa. Sasa kufika katikati, kurasa mbili zilikuwa zimegandana, akafunua zote kwa pamoja bila kujua, na akaendelea kusoma maneno ya ule ukurasa uliojificha. Neno kwa neno! Kidole kiko kwenye picha ya mbuzi, mdomo bado uko kwa kuku. Yaani mtoto alikuwa amemeza kitabu kizima na hajui kusoma hata mstari mmoja, na sisi watu wazima wa nyumba nzima tulikuwa tunampigia makofi miezi na miezi.

Toka siku hiyo nimekuwa mtu wa kero kidogo kwenye mambo ya shule, maana nikaanza kuona kitu kilekile kila mahali. Wa sekondari anaangalia mfano wa hesabu ubaoni, anatikisa kichwa "nimeelewa", akipewa lake anaganda. Wa chuo anapitia desa, yaani noti zake za kusomea, mara tano, kila mstari anaujua, akiingia kwenye pepa anakumbuka mpaka kona ya ukurasa neno lilipokaa lakini neno lenyewe hana. Ugonjwa ni mmoja tu: kukitambua kitu kikiwa mbele yako ni jambo moja, kukitoa kichwani kikiwa hakipo ni jambo lingine kabisa. Kwa hiyo haya yote ninayoandika hapa chini, ukiyakamua, ni namna ya kufunga kitabu na kuangalia kimebaki nini, umri kwa umri. Mi siyo mwalimu wa kusomea, ila nimekaa sana na watoto wa ndugu na homuweki zao, na tafiti za haya mambo nimezisoma kiasi.

Kabla hajaanza shule

Hapa wengi tunaharakisha penseli. Mtoto ana miaka 3 kashapewa daftari ajaze "a" ukurasa mzima, vidole havijakomaa, analia, na sisi tunasema mvivu. Tulia mzazi mwenzangu. Froebel, yule Mjerumani ambaye mwaka 1840 alikuja na jina Kindergarten, bustani ya watoto, alijenga mambo yake yote juu ya mchezo, mipira, vipande vya mbao, nyimbo, kupanda mimea. Karibu miaka 200 imepita na bado kuna watu wanaona mtoto anayecheza anapoteza muda.

Kazi kubwa ya kipindi hiki ni maongezi. Mtoto akinyoosha kidole akasema "gari", we mrudishie kwa kuongeza: ee, gari jekundu, limebeba mchanga, unadhani ule mchanga unaenda wapi? Halafu nyamaza. Hapo kwenye kunyamaza ndo pagumu, mi nilikuwa nahesabu kimoyomoyo mpaka 5 kabla sijamjibia, maana mtoto mdogo anahitaji muda wa kupanga maneno na sisi tuna haraka ya kumsaidia mpaka tunamnyang'anya sentensi yake mdomoni.

Kitabu cha picha vilevile. Dakika 10 kwa siku zinatosha, ila usisome kama mtangazaji wa taarifa ya habari, simama njiani uliza, "huyu kwa nini kanuna?", "we ungefanyaje?" Whitehurst na wenzake mwaka 1988 walichukua wazazi wa watoto wa miaka kama 2, wakawafundisha tu kuuliza maswali ya wazi na kuongezea anachosema mtoto, na baada ya wiki 4 watoto wale walikuwa mbele kwa lugha kuliko wenzao ambao nao walikuwa wanasomewa ila kawaida. Vitabu vilevile, muda uleule, tofauti ni nani anaongea zaidi.

Halafu michezo ya sauti, ambayo haitaki kitabu wala hela, unaifanya wakati unamuogesha. Sema kikombe. Sasa toa "ki", kimebaki nini? Kombe. Sema paka, toa p weka k. Kaka! (Watoto wanacheka sana hapo, hasa kama ana kaka.) Inaonekana utani lakini mtoto ambaye sikio lake linaweza kukata neno vipande vipande atapata urahisi mkubwa siku akianza kuunganisha herufi.

Na kuhesabu. Anaimba moja mpaka ishirini? Safi, huo ni wimbo. Sasa mwambie akuletee vijiko 4. Wengi wa miaka 3 watakuletea fungu lote la vijiko, na siyo ukaidi, ni kwamba nne kwake bado ni neno la kwenye wimbo, siyo idadi. Kwa hiyo kila siku mtume vitu kwa idadi, viwili, vitatu, mpaka aache kubeba fungu zima.

Skrini sitaki kuhubiri, Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema mtoto wa mwaka 1 asiwekwe mbele ya skrini kabisa na wa miaka 2 mpaka 4 isizidi saa 1 kwa siku, ndo hivyo.

Kusoma: kipimo cha dakika tano

Hapa ndo nataka ukae, maana ndo mlango wa vingine vyote. Makadirio ya Benki ya Dunia ya mwaka 2022 yalikuwa kwamba kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, kati ya watoto 10 wenye miaka 10, kama 7 hawawezi kusoma na kuelewa habari fupi ya kawaida. Na wengi wao wako darasani, wana madaftari, wana ripoti. Kwa hiyo usitegemee ripoti peke yake, mpime mwenyewe nyumbani.

Chukua ukurasa ambao hajawahi kuuona. Hii ni lazima, kitabu chake cha shule hakifai, kashakimeza. Usiwe na picha. Kaeni mahali hamna wasikilizaji, hasa ndugu zake wakubwa wa kucheka. Mwambie asome kwa dakika 1, we nyamaza, usimsahihishe, weka tu alama kwenye karatasi yako pale alipokwama au alipobuni neno. Ikiisha funga, mwambie akuelezee alichosoma kama anamsimulia mtu ambaye hakuwepo.

Kisha mwandikie maneno ya uongo, maneno ambayo hayapo duniani: bupi, tefalo, mokesu, ndwaga, ng'imbo, shwepa. Mwambie kabisa haya ni maneno ya kijinga, ni mchezo tu, soma. Hiki ndo kipimo nakipenda kuliko vyote maana hapa kumeza hakusaidii, hakuna picha, hakuna kubahatisha kutokana na sentensi, ni herufi na yeye. Yule mpwa wangu alifika kwenye "bupi" akaniangalia usoni kama anatafuta jibu kwenye nyusi zangu. Nusu dakika nzima. Alafu akasema "baba?"

Sasa kusoma majibu. Gough na Tunmer mwaka 1986 walilieleza vizuri, kwamba kusoma ni zao la kuzidisha vitu viwili, kuzigeuza herufi ziwe maneno na kuielewa lugha yenyewe. Kuzidisha, siyo kujumlisha, maana kimoja kikiwa sifuri jibu ni sifuri hata kingine kiwe kikubwa vipi. Kwa hiyo we unatafuta ni kipi kati ya hivyo viwili kilicholala.

Kama amekwama kwenye maneno ya uongo, tatizo ni herufi. Lakini kabla ya lolote hakikisha macho na masikio yake yamepimwa, nimeona mtoto akiitwa mzito mwaka mzima kumbe ubao hauoni. Kama viko sawa basi rudi kwenye sauti, na nasema sauti, siyo majina ya herufi. Kata karatasi vipande, andika konsonanti kwenye vingine na irabu kwenye vingine, mpe b na u, ateleze kimoja kikutane na kingine, bu. Badilisha irabu, ba, be, bi. Halafu silabi mbili. Kwa lugha kama Kiswahili ambayo herufi zinasema kilekile kila siku kazi hii haitaki miaka, ukiwa na dakika 15 kila siku bila kuruka utaona mabadiliko ndani ya muda mfupi. Kiingereza ndo mtihani wenyewe, kuna ulinganisho wa Seymour na wenzake wa mwaka 2003, Kiingereza na lugha nyingine 12 za Ulaya, watoto wa Kifini mwisho wa mwaka wa kwanza walikuwa wanasoma karibu maneno yote waliyopewa na wa Kiingereza kama theluthi tu. Kwa hiyo mtoto anayeanza na Kiingereza akichelewa usimwite mzito, spelingi yenyewe ndo imepinda.

Dakika 15 nimesema, siyo saa 2 za Jumamosi. Na ukiona ameanza kujikuna na kuangalia dari, funga, mmeshamaliza kwa leo.

Kama maneno ya uongo kayateleza yote lakini ukurasa hawezi kukusimulia, basi herufi hazina shida, usimrudishe kwenye silabi utamtesa bure. Yeye kakosa maneno, au kakosa habari za dunia, au lugha aliyoisoma siyo lugha anayoielewa. Hili la mwisho linaumiza wengi sana, mtoto anasoma kwa ufasaha lugha ya shuleni kama kasuku na nyumbani haiongei mtu. UNESCO walishaandika tangu 1953 kwamba mtoto aanze kufundishwa kwa lugha ya mama. Kama shule yake haifanyi hivyo, we nyumbani fanya: mwelezee somo kwa lugha yenu kwanza, aongee, abishane, ndipo aende kwenye lile la shule akiwa na kitu kichwani cha kubandika yale maneno mageni.

Na hizo habari za dunia watu wanazidharau. Kuna jaribio la Recht na Leslie, 1988, Marekani, walichukua wanafunzi 64 wakawasomesha habari ya mchezo wa besiboli. Waliokuwa wanahesabika wasomaji dhaifu lakini wanaujua mchezo wakawazidi wasomaji wazuri wasioujua! Kwa hiyo huyo mtoto wa kuambiwa "haelewi anachosoma" mpe kitu anachokijua, kama ni mpira mpe mpira, kama ni wadudu mpe wadudu, umwone. Halafu mpanue taratibu, maji yanatoka wapi, moyo unafanyaje kazi, watu wa zamani waliishije. Muda unaotumika kumfundisha "mbinu za ufahamu" heri mara mia ungetumika kumjaza vitu vya kufahamu.

Hesabu: usiseme "kosa" haraka

Mtoto kaandika 402 toa 178, jibu 376. Wengi tunaweka mkasi tunasema "hujawa makini, rudia". Atarudia na atapata 376 tena, maana alikuwa makini kabisa. Angalia: kwenye mamoja kuna 2 na 8, yeye anajua huwezi kutoa 8 kwenye 2, kwa hiyo kachukua 8 akatoa 2, 6. Makumi, 0 na 7, kageuza, 7. Mia, 4 toa 1, 3. Ana kanuni yake, na anaifuata kwa uaminifu kuliko sisi tunavyofuata zetu. Kanuni yenyewe inasema kubwa toa dogo, popote lilipo.

Utajuaje ni kanuni na siyo bahati mbaya? Mpe nyingine, 503 toa 267, na kabla hajaanza we andika 364 kwenye kikaratasi ukikunje uweke chini ya kikombe. Jibu sahihi ni 236, lakini kama yeye kaandika 364, umeshalijua tatizo lake kwa undani. Mwambie akuelekeze alivyofanya, kwa sauti ya kawaida tu, siyo ya polisi, na sikiliza bila kumrukia.

Dawa siyo kumwonyesha njia ile ya kukopa mara ya 10. Mrudishe chini kwenye maana ya hizo tarakimu. 402 ni mia 4, makumi hamna, mamoja 2. Chora miraba mikubwa 4 na vidoti 2. Nahitaji kutoa 8 na nina 2 tu, nifanyaje? Makumi sina. Basi navunja mia moja, zinabaki mia 3 na makumi 10, halafu navunja kumi moja, makumi 9 na mamoja 12. Sasa 12 toa 8 ni 4, 9 toa 7 ni 2, 3 toa 1 ni 2. 224. Avunje yeye kwa mkono wake, kalamu aishike yeye, hili nalisema kwa sababu mi mwenyewe ni mwizi wa kalamu, naona anachelewa nachukua namalizia, na nikimaliza mi ndo nimejifunza kutoa.

Kuhusu kukariri, siku hizi kukariri kumekuwa tusi, nami hilo sikubaliani nalo. Kichwa kinaweza kushika vitu vichache sana kwa wakati mmoja, Nelson Cowan kwenye makala yake ya 2001 anasema kama vinne hivi. Mtoto anayetafuta 7 mara 8 kwa vidole katikati ya hesabu ndefu, akirudi kashasahau alikuwa anatafuta nini. Kwa hiyo jedwali la kuzidisha alikariri, ndiyo, ajue kama jina lake. Ubaya wa kukariri unaanza pale kunapokaa kwenye kiti cha kuelewa, kama mpwa wangu na kuku wake.

Na kama mtoto yuko darasa la 5 na kipimo kinasema uwezo wake ni wa la 2, anza na la 2. Inauma lakini ndo njia. Shirika la Pratham la India limefanya hivyo kwa miaka, wanawapanga watoto kwa wanachoweza na siyo kwa umri, kwa muda fulani wa siku, na majaribio mengi, yakiwemo ya kina Banerjee na Duflo (walioshiriki Nobel ya uchumi 2019), yameonyesha watoto wananyanyuka. Ukienda kuongea na mwalimu, usiende na lawama, nenda na ile karatasi ya 376 na ile orodha ya maneno ya uongo. Mwalimu mwenye watoto wengi darasani hana muda wa kumpima mmoja mmoja, ukimletea kipimo kiko tayari mara nyingi anashukuru, na mtaongea kuhusu 402 badala ya kuongea kuhusu tabia.

Sekondari

Hapa mtoto hataki tena ukae naye mezani, sawa, mwachie. Mambo machache tu.

Homuweki za hesabu mara nyingi zinakuja maswali 20 ya aina moja, anajua kabla hajasoma swali kwamba leo ni kanuni fulani. Mwambie achanganye, mawili ya leo, mawili ya mwezi uliopita, moja la muhula uliopita. Rohrer na Taylor 2007 walijaribu hili kwa hesabu za ujazo wa maumbo, waliofanya aina moja moja wakati wa mazoezi walipata asilimia 89 na waliochanganya 60, kila mtu angesema wale wa kwanza wanaweza. Wiki moja baadaye kwenye mtihani, aina moja moja 20, waliochanganya 63. Kwa hiyo ukiona anachanganya na anakosa kosa, usiogope, na yeye umwonye asiogope, maana mazoezi yanayoteleza sana yanadanganya.

Usingizi, wa miaka 13 mpaka 18 anahitaji saa 8 mpaka 10. Simu ilale chumba kingine, na ya kwako pia, la sivyo hutakuwa na hoja.

Halafu hii biashara ya "mi ni mtu wa kuona", "mi ni mtu wa kusikia", Pashler na wenzake waliipekua 2008 wakakuta hakuna ushahidi wa maana kwamba mtu akifundishwa kwa "staili yake" anajifunza zaidi. Ramani inataka macho, matamshi yanataka masikio, somo ndo linachagua.

Chuo, na hii nawaandikia wenyewe

Wadogo zangu mnaopiga msuli usiku kucha, tuongee. Nilimtembelea binamu yangu wiki ya mitihani, nikakuta desa lake limepakwa hailaita ya njano kuanzia juu mpaka chini, yaani kilichobaki cheupe ndo kilikuwa kinaonekana kama cha muhimu. Nikamuuliza umesoma mara ngapi, akasema mara 4. Nikalichukua, nikampa karatasi tupu, nikamwambia andika kila unachokumbuka kwenye mada ya kwanza. Aliandika kichwa cha habari, akapiga mstari chini yake vizuri kwa rula, akakaa. Dakika 3. Kisha akanikasirikia mimi!

Kuna jaribio kila mwanafunzi alijue, Roediger na Karpicke, 2006. Kundi moja lilisoma habari likairudia kusoma, lingine likasoma mara moja kisha likaandika linachokumbuka bila kuangalia. Walipopimwa dakika 5 baadaye, waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 81, wenzao 75. Unaona? Kurudia kunashinda, na ndo maana tunaamini kunafanya kazi, maana sote tunajipima palepale desa likiwa bado la moto. Baada ya wiki moja, waliorudia kusoma 42, waliojipima 56. Na Dunlosky na wenzake 2013 walipima mbinu 10 za kusomea, zilizopata alama ya juu ni 2 tu, kujipima na kusoma kwa kuachanisha siku. Hailaita na kurudia kusoma viko mkiani.

Kwa hiyo unafanyaje. Ukitoka lekcha, siku hiyohiyo, kabla ya kufungua noti, karatasi tupu, dakika 10, andika ulichobaki nacho, hata kama ni mistari 4 ya aibu. Halafu fungua noti, chukua kalamu ya rangi nyingine ujazie ulichokosa. Hiyo rangi ya pili ndo orodha yako ya kusoma, mengine achana nayo. Igeuze iwe maswali, kila swali kwenye kijikaratasi, jibu nyuma. Yarudie kesho kutwa, kisha wiki ijayo, kisha baada ya wiki 3, na unachojibu vizuri mara 3 kiweke pembeni. Ebbinghaus alishaonyesha tangu 1885, akijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana (kama zile zetu za bupi), kwamba mtu anasahau kwa kasi sana mwanzoni halafu kasi inapungua, na kwamba kuachanisha marudio kunasaidia. Saa 6 ukizigawa kwenye siku 4 utabaki na vingi kuliko saa 6 za usiku mmoja, na unalala pia.

Ukisoma kwa kikundi, kikundi kizuri ni kile kinachofunga madesa. Mmoja anaeleza, wengine wanamkatiza "kwa nini?" mpaka akwame, akikwama ndipo mnafungua. Kikundi cha mmoja kusoma kwa sauti na wengine wakitikisa vichwa ni usingizi wa pamoja.

Na hizi programu za akili mnemba, zile za kuchati. Sina shida nazo, natumia. Ila mpangilio ndo kila kitu. Kuna jaribio la Bastani na wenzake kwa karibu wanafunzi 1,000 wa sekondari Uturuki, waliopewa GPT ya kawaida kwenye mazoezi ya hesabu alama zao za mazoezi zilipanda kwa asilimia 48, na ilipoondolewa wakafanya mtihani peke yao, wakawa chini kwa asilimia 17 kuliko ambao hawakuwahi kupewa. Kundi la tatu lilipewa iliyopangwa itoe vidokezo bila majibu, hao hasara hiyo karibu yote haikuwapata. Kwa hiyo jaribu mwenyewe kwanza mpaka ukwame, andika umekwama wapi, kisha iambie hivi: "Nilifika hapa nikakwama, nipe kidokezo kimoja tu, usinipe jibu." Au bandika noti zako uiambie ikuulize maswali 5, moja moja, isiseme jibu kabla hujajaribu. Na ikikutajia kitabu au makala, hakikisha ipo kweli kabla hujaiweka kwenye asaimenti, maana inabuni vyanzo bila aibu, na lekchara akikuuliza umekitoa wapi utabaki unatabasamu.

Ukiwa umechelewa, pepa ni keshokutwa na hujafanya lolote kati ya haya, usianze kusoma desa ukurasa wa kwanza. Tafuta mitihani ya nyuma, chukua mmoja, ujibu desa likiwa limefungwa, ufeli hapo chumbani kwako. Sahihisha. Unachokosa ndicho unachosoma, kisha kesho unajibu mwingine. Binamu yangu alifanya hivyo na siku mbili zilizobaki, na yale makaratasi yake ya mada ya kwanza mpaka leo ninayo, la kwanza lina kichwa cha habari na mstari wa rula, la tatu limejaa pande zote mbili na pembeni kaandika kwa hasira "HII KWA NINI NAISAHAU".